Mpe Sungura Mchunga

Mtu anayemlisha sungura biskuti anajilisha mwenyewe. Nalisema mapema ili mwenye kukasirika akasirike sasa, tuendelee na watakaobaki.

Sungura wa kufugwa hapa Galu wako wa namna mbili. Kuna wa kitoweo, anayekaa kwenye kibanda cha mbao na waya nyuma ya jiko. Huyu hutunzwa na kijana wa nyumba ambaye jioni akitoka shule hushika panga na gunia, akaenda kukata majani kando ya barabara ya Kinondo. Halafu kuna wa mapenzi. Huyu ana jina. Wakati mwingine amefungwa utepe shingoni, maskini. Anakaa kwenye bustani ya nyumba ya wageni, au kwenye baraza ya familia iliyomnunulia mtoto zawadi ya Idi au Krismasi, na kila anayepita humtupia kitu: kipande cha mahamri, ganda la mkate, ndizi, krispi za muhogo, kashata, hata mabuyu yenye rangi. Wa kwanza ataliwa. Wa pili anapendwa. Na ukitazama wanachotafuna, huyo atakayeliwa ndiye pekee anayelishwa kama sungura.

Hilo ndilo linaloniudhi. Mwenye kisu anamjua mnyama wake kuliko mwenye mapenzi. Yule kijana wa gunia huenda hajawahi kusoma ukurasa mmoja kuhusu sungura. Labda alikuwa kwenye klabu ya 4K shuleni, zile zilizofufuliwa mwaka 2021, labda alifundishwa na babu yake. Lakini anajua kwamba sungura ni mla majani, basi anampa majani. Sisi wenye simu na mapenzi tumelisahau jambo dogo kama hilo.

Hebu tuingie tumboni, manake ugomvi wote uko humo. Ng'ombe huchachusha nyasi mbele, kwenye tumbo lenye vyumba vinne, kisha hucheua. Sungura huchachusha nyuma, kwenye mfuko mkubwa ulio pale utumbo mwembamba unapokutana na utumbo mpana. Humo wanaishi vijidudu wanaovunja majani. Wakimaliza kazi, sehemu ya walichokitengeneza hutoka kama vinyesi laini vinavyong'aa, na sungura huinama akavila palepale vinapotoka. Watu wakimwona husema astaghafirullahi, wakaanza kumfukuza. Mwacheni. Hiyo ni sahani yake ya pili. Bila hiyo anakosa protini na vitamini ambazo mwili wake umeshazifanyia kazi.

Mtambo huo unataka nyuzinyuzi, na unazitaka mchana na usiku. Nyasi ndefu ndizo zinazousukuma utumbo usisimame, na nyasi hizohizo ndizo zinazosaga meno, kwa sababu meno ya sungura hayaachi kukua maisha yake yote. Ya mbele hukua karibu milimita mbili kwa wiki. Sasa mwagia humo wanga na sukari. Vijidudu wema hupungua, wabaya hushika nchi, gesi hujaa, utumbo hupunguza mwendo, mwisho husimama. Tena sungura hawezi kutapika. Sisi tukila viazi karai vilivyolala tunatapika usiku na asubuhi tunakunywa chai. Yeye kilichoingia kimeingia. Hujikunja pembeni, akasaga meno kwa maumivu, kimya, kwa sababu mnyama anayewindwa hajitangazi anapoumwa. Asubuhi mnamkuta amekauka. Mmoja anasema ni jicho, mwingine baridi ya usiku, mwingine "sungura hawana maisha marefu." Wapi! Sungura wa nyumbani anayetunzwa vizuri hufika miaka minane, kumi, na kupita.

Sehemu ya tatizo iko kwenye ulimi wetu. Kiswahili cha kila siku hakina neno moja lililozoeleka la kile kidogo unachompa mnyama ili afurahi. Tunasema "mpe kitu kitamu," na tukishataja tamu mkono unakwenda wenyewe kwenye sukari. Mie naomba tuseme kionjo. Kionjo ni cha kuonja, hakishibishi, na hakuna aliyesema lazima kiwe na sukari.

Simdanganyi mtu: sungura anapenda sukari. Mpe ndizi uone atakavyokurukia. Ila hoja ya "lakini anaipenda" haifiki mbali. Mtoto wa miaka mitatu anapenda mabuyu, na sijamwona mama wa Kinondo anayempakulia mabuyu kwa chakula cha mchana. Chukua hesabu hii. Sungura wa kilo mbili akipewa nusu ya ndizi iliyomenywa, kama gramu 50, kwa uzito wake ni sawa na mtu wa kilo 60 kula kilo moja na nusu ya ndizi. Ndizi kumi na tano hizo, kwa mkupuo mmoja, na huyo ni mtoto wa kwanza tu. Kwenye nyumba za wageni mwezi wa Desemba watoto ni sita, wanane, kila mmoja na nusu yake, kila mmoja akitaka kupigwa picha.

Karoti sasa. Nani alituambia chakula cha sungura ni karoti? Katuni. Bugs Bunny alitokea kwenye filamu ya *A Wild Hare* mwaka 1940 akitafuna karoti, na utafunaji ule ulichukuliwa kwa Clark Gable, mwigizaji wa Hollywood, ambaye anakula karoti huku akiongea katika filamu ya *It Happened One Night* ya mwaka 1934. Mtu alikula karoti, mchora katuni akamcheka, na miaka tisini baadaye sungura wa Galu analetewa karoti nzima kutoka soko la Ukunda, tena imekatwa majani! Majani ndiyo yangemfaa. Mzizi ni wa sukari. Kipande chembamba kama sarafu ya shilingi kumi kinatosha, na si kila siku. Mama mboga hutupa yale majani au humpa mwenye mbuzi. Muombe. Atakupa bure na kukushangaa.

Tena angalia jina la filamu. Huyo anayeitwa *hare* ni mnyama mwingine, ndiye Sungura wa hadithi zetu, wa msituni, anayezaliwa macho wazi na manyoya tayari. Huyu wa kwenye kibanda asili yake ni Hispania na Ureno, huzaliwa shimoni akiwa uchi na kipofu. Kiswahili kimewapa wote jina moja, na nadhani jina hilo limetuponza. Tangu utotoni tumesikia jinsi Sungura anavyomzidi akili Fisi, anavyomchezea Simba, anavyotoka salama kwenye kila mtego. Ndani yetu kuna imani kwamba sungura hadanganyiki. Basi tukimwekea kitu mbele tunasema, kama ni kibaya atajua.

Nimeisikia hoja hiyo kwa masikio yangu. Mkate wangu natafuta kwa kuandika: maelezo ya nyumba za wageni, menyu, wakati mwingine hotuba za harusi. Mwenye nyumba mmoja, ambaye simtaji, alitaka niandike kwamba kwake watoto wanaweza kuwalisha sungura "muda wowote, chochote." Nikamuuliza, chochote nini, mzee? Akacheka. "Kijana, mnyama anajua mwenyewe kinachomfaa. Asichotaka hatakula." Tulikuwa tumekaa kwenye bustani yake, na hatua tano kutoka kiti chake kulikuwa na ua mzuri wa oleanda, maua ya waridi na meupe, majani yamedondoka chini. Sungura watatu walikuwa wakizunguka hapo. Nikamwambia neno "chochote" silitii. Kazi akampa mwingine. Tangazo lipo mpaka leo na neno lake limo.

Je, mnyama anajua mwenyewe? Kitoto cha sungura hujifunza harufu ya chakula kwa mama yake, kuanzia kwenye maziwa. Huo ndio ujuzi wake. Sasa mama wa sungura wa Galu alizaliwa kwenye waya, na bibi yake pia, na ukoo wao mzima ulitoka bara lingine. Nani angemfundisha oleanda? Majani yake ni sumu ya moyo, mabichi na makavu. Lile waridi la jangwani lenye shina nene, linalopendwa sana kwenye vyungu vya hoteli za Diani, lina sumu ya jamii hiyohiyo; utomvu wake umetumiwa Afrika kutengeneza sumu za mishale. Mnyaa uliopandwa kuwa uzio una maziwa yanayochoma mdomo na macho. Lantana, yenye vijiua vya rangi mbili tatu, huharibu maini ya mifugo. Hiyo ndiyo bustani tunayomwachia "ajue mwenyewe."

Na jikoni nako kuna mitego. Parachichi lina kemikali iitwayo pasini inayowadhuru sungura, majani yake hata zaidi, kwa hiyo usimpe kabisa, nyama wala ganda. Majani ya nyanya na ya viazi mbatata, hapana. Kitunguu na saumu, hapana. Chokoleti, hapana, hata kama mgeni ametoka nayo Ujerumani. Kisamvu kibichi kinahitaji hadhari kubwa. Sisi wenyewe tunakitwanga na kukichemsha kwa muda mrefu kwa sababu kina asili ya sianidi, iweje sungura apewe kutoka mtini? Mahindi makavu yaliyokaa ghalani, yale ambayo mtu husema "haya hayafai watu, wape sungura," ndiyo ya kuogopa zaidi. Mwaka 2004 sumukuvu kwenye mahindi iliua watu zaidi ya mia moja katika nchi hii, wengi wao Ukambani. Kilichoua mtu mzima kitamwachaje mnyama wa kilo mbili?

Kuna na hili la mkate mkavu. Watu wazima kabisa watakwambia mkate mkavu unasaga meno ya sungura. Mkate ukiingia mdomoni hulowa ukawa uji. Haujasaga kitu. Umeshusha wanga tu.

Watu wa Diani hawana udhuru katika jambo hili, kwa sababu somo lote tumeshalisoma juu ya mti. Mbega wetu, yule mweusi mwenye mashada meupe mabegani, ni mla majani kama sungura, ila yeye huchachusha mbele, kwenye tumbo lenye vyumba. Sukari na vyakula vya mezani humvuruga vibaya. Tangu mwaka 1997 kuna shirika hapahapa Diani, Colobus Conservation, linalofanya kazi ya kuwalinda: madaraja ya kamba juu ya barabara wasigongwe na magari, matawi kukatwa karibu na nyaya za umeme, na kuwasihi watu wasiwalishe nyani, kima na tumbiri. Matokeo ya kutosikia tunayaona kila siku. Tumbiri aliyezoea ndizi za wageni sasa anaingia jikoni, ananyang'anya mtoto mkate, anauma, kisha anaitwa mkorofi na kutupiwa mawe na walewale waliomlea. Sungura hana meno ya kulipiza wala mti wa kukimbilia. Ndiyo maana hakuna anayemwekea bango.

Sasa tuseme umekubali, umeshika simu kutafuta vionjo salama. Utakachopata ni orodha za Wazungu. Nyasi za timothi, stroberi, bluberi, majani ya dandelioni. Orodha si mbaya. Zimeandikwa na watu wanaojali. Shirika la House Rabbit Society la Marekani limefundisha tangu 1988 kwamba sungura ni mwenzako ndani ya nyumba, na kipimo wanachokitaja cha matunda nakikubali: kama kijiko kimoja cha chai kwa kila kilo ya uzito kwa siku, basi. Ila orodha zile zimeandikwa kwa mtu wa California. Mtu wa Galu akizisoma anafika mahali pawili. Ama anakata tamaa akasema hivi vitu havipatikani huku, akarudi kwenye biskuti, ama ana pesa, akaagiza Nairobi pakiti yenye picha ya sungura anayetabasamu, ndani mna matone ya mtindi yenye sukari na vijiti vya mbegu vilivyogandishwa kwa asali. Mtindi kwa mla nyasi! Mnyama ambaye akishaacha kunyonya hana shughuli tena na maziwa, anauziwa maziwa kwa bei ya kilo mbili za nyama. Biskuti ya duka angalau haijidai.

Nami nauliza, dandelioni ni nini? Ni gugu chungu la jamii ya alizeti, lenye utomvu mweupe. Hilo tunalo. Ni mchunga, ambao Wamijikenda huuita mutsunga, uleule unaopikwa na nazi kupunguza uchungu ukaliwa na sima. Unaota wenyewe shambani mvua zikinyesha, na akina mama huuza kwa mafungu Ukunda. Mpe sungura majani yake mawili matatu, mabichi, yaliyooshwa, usiyatie nazi wala chumvi. Atayala kuanzia kwenye bua, kwa kasi ya mashine, masikio yakicheza. Kile ambacho sisi tunakichemsha na kumwaga maji ili kiingie mdomoni, yeye anakila kama sikukuu. Mtu akishaliona hilo mara moja hawezi tena kuniambia kwamba furaha ya mnyama inapimwa kwa utamu wa kwetu.

Na si mchunga pekee. Dania, pamoja na mabua yake. Nanaa. Mrehani, ule tunaoutia kwenye vikuba, mnyama atanukia kama bi harusi. Majani ya viazi vitamu, matembele. Kishona nguo kabla hakijatoa mbegu za kunata. Ua la haibiskasi na majani yake. Kipande cha jani la mgomba, ambacho watu hukipita wakikimbilia ndizi yenyewe! Kijiti cha mpera chenye majani, akiguguna mpaka ganda liishe. Mchicha na sukuma wiki kwa kiasi, si kila siku na si fungu zima. Kabichi kidogo sana kwa sababu ya gesi. Kama unataka zawadi isiyo chakula kabisa, mpe kipande cha ukili usiotiwa rangi, mabaki ya msusi wa mikeka. Ataufumua uzi kwa uzi siku nzima, na meno yatapata kazi.

Masharti ni machache na hayana anasa. Jambo jipya liingie moja moja, siku mbili tatu, ukitazama kinyesi kama bado ni vidonge vikavu vya mviringo. Vitoto vichanga viacheni na mama yao na nyasi. Mboga ya sokoni ioshwe vizuri, manake hujui imepuliziwa nini huko ilikotoka. Usichume kando ya barabara kuu palipojaa moshi, wala uani kwa mtu anayepulizia dawa. Na tafadhali usiingie Kaya Kinondo na gunia lako kutafuta majani. Msitu ule ni wa wazee na mizimu, uko kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2008, na kilicho mle hakitolewi nje hata kikiwa ukuti mkavu. Nyasi za kukata zimejaa nje.

Haya yote ni juu ya nyasi, si badala yake. Rundo la nyasi, mbichi au kavu, lenye ukubwa wa sungura mwenyewe, kila siku, na maji yasiyokauka. Wakati wa kaskazi, joto linapopanda kupita nyuzi thelathini na upepo umekufa, sungura wa pwani anateseka hata bila biskuti, kwa kuwa hatoi jasho kama sisi. Masikio ndiyo feni yake. Hapo kionjo kizuri ni majani yaliyonyunyiziwa maji baridi, na chupa ya maji yaliyoganda aegemee. Kipande kidogo cha tikiti, sawa, kwenye kile kijiko.

Najua nitaambiwa. Kuna watu Kwale hawana unga, na wewe unaandika habari za vionjo vya sungura? Nimeisikia, na naiheshimu kuliko ile ya "anajua mwenyewe." Lakini angalia orodha yangu tena uniambie ni kipi hapo kinachomnyima mtu unga. Mchunga unaota bure, jani la mgomba bure, ukili wa kutupwa. Kilicho ghali ni mahamri, ndizi, pakiti ya mtindi. Anayetupa chakula cha watu kwa mnyama asiyekihitaji ndiye aulizwe swali hilo, nami nitasimama nyuma ya muulizaji.

Ninaowalenga hasa ni wenye nyumba za wageni. Familia moja ikikosea, inakosea na sungura wake mmoja, inalia, inajifunza. Nyinyi mmefanya kosa kuwa biashara. Sungura anakufa Januari baada ya sikukuu, mtunza bustani anatumwa kununua mwingine wa rangi ileile, anapewa jina lilelile, na mtoto anayerudi Pasaka anaambiwa "tazama, anakukumbuka." Mtunza bustani ndiye anayemzika wa kwanza chini ya mnazi. Yeye ndiye anayejua wamefika wangapi, na haulizwi.

Basi fanyeni hivi, tena kabla ya Agosti. Ondoeni bakuli la ndizi pale kwenye kibanda. Mpeni mtunza bustani ruhusa ya kumwambia mgeni hapana, kwa sauti, hata mgeni akiwa amelipa kwa dola, na msimkate mshahara kwa hilo. Ng'oeni oleanda au zungusheni waya. Wekeni kikapu cha mchunga na nanaa, mtoto achukue jani moja, akae chini, asubiri sungura aje mwenyewe. Na sungura akikataa kula tangu asubuhi hadi jioni, msisubiri kesho; utumbo uliosimama hausubiri, mpigieni daktari wa mifugo usiku huohuo. Akifa, mtoto wa Pasaka aambiwe kwamba alikufa, na alikuwa amelishwa nini.